Kula Kupindukia: Je, Ni Uraibu? Maswali na Majibu

Mtu anayekula kupita kiasi ana uraibu?

Si lazima. Kuvimbiwa pilau ya harusini si ugonjwa. Na orodha mbili ambazo madaktari hutumia kutambua magonjwa, ICD-11 ya Shirika la Afya Duniani na DSM-5 ya Marekani (2013), hazina ugonjwa uitwao uraibu wa chakula. Kilichomo ni ugonjwa wa kula kupindukia. Kwa kipimo cha DSM-5, angalau mara moja kwa wiki, kwa miezi 3, mtu anakula kwa muda mfupi kiasi ambacho wengi wasingekimaliza, huku akihisi hawezi kujizuia. Mara nyingi hula haraka, bila njaa, kwa kujificha, kisha hujichukia.

Basi uraibu unaingilia wapi?

Dalili zinafanana. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitunga dodoso la kupima jambo hili. Toleo la 2016 lina maswali 35, yanayofuata dalili 11 zilezile zinazotumika kwa pombe na dawa za kulevya: uchu, kushindwa kuacha, kuendelea ingawa unaona madhara. Vyakula vinavyotajwa sana ni chokoleti, aiskrimu, chipsi na piza. Ni nadra kusikia mtu akishindwa kuacha maharage ya kuchemsha. Sababu moja ni mchanganyiko: matunda yana sukari bila mafuta, karanga zina mafuta mengi ila sukari kidogo, ila viwandani vyote viwili hutiwa pamoja kwa wingi.

Wanaopinga nao wana hoja nzito. Sigara ina nikotini, lakini kwenye chakula haijapatikana kemikali moja ya kulaumiwa. Tena panya walioonyesha dalili za uraibu wa sukari maabara walikuwa wakinyimwa chakula saa 12 kila siku. Waliopata sukari muda wote hawakuzionyesha. Kwetu sisi, hili ndilo la kuzingatia zaidi, maana binadamu wengi hujifanyia vivyo hivyo kwa jina la dayati.

Kwa hiyo nijinyime au niache kabisa?

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mtu anaruka chai na chakula cha mchana, anavumilia, halafu saa 2 usiku anamaliza sufuria. Kesho yake anajiadhibu kwa kufunga tena, na usiku mambo ni yaleyale.

Anza na ratiba kabla ya kufikiria kupunguza chakula. Kula milo 3 na vitafunio 2, bila kupitisha saa 4 kati ya kimoja na kingine: kwa mfano saa 1 asubuhi, saa 4, saa 7 mchana, saa 10 na saa 1 usiku. Hata kama jana ulipindukia, usiruke chai ya asubuhi. Andika kwenye daftari papo hapo umekula nini, saa ngapi, ukiwa wapi na ukijisikiaje; baada ya wiki 2 utaona hasira, upweke au njaa inakushika saa zipi. Uchu hupanda kisha hushuka, kwa hiyo ukikushika, toka jikoni, tembea dakika 20. Chakula kinachokushinda usikiweke nyumbani kwa pakiti kubwa: nunua kipande kimoja, ukae mezani, ule polepole. Jipime uzito mara moja tu kwa wiki.

Soda unaweza kuiacha kabisa bila hasara. Chupa ya mililita 300 kwa kawaida ina takriban gramu 30 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi kutozidi gramu 25 hivi kwa siku.

Dawa zinaweza kunifanya nile sana?

Ndiyo: prednisoloni (ya kupunguza uvimbe mwilini), olanzapini (ya magonjwa ya akili) na mirtazapini (ya sonona) huongeza hamu ya kula. Usiziache mwenyewe, mwambie daktari.

Niende hospitali lini?

Ukifikia kile kipimo cha miezi 3, nenda. Nenda mara moja kama unajitapisha au unatumia dawa za kuharisha ili kutoa chakula, kwa sababu potasiamu hushuka na mapigo ya moyo huvurugika. Vilevile kama una kisukari na unaruka insulini. Omba tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra na tabia (CBT), ndiyo inayotangulia. Kuna kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa ugonjwa huu, lisdeksamfetamini, lakini chenyewe kinaweza kuleta uraibu, kwa hiyo hakinunuliwi kiholela.