Samaki wako wa dipneti waandikwe palepale mchangani, hapo ndo haki yetu inapoanzia

Kila ikikaribia mwezi wa saba simu za ofisini kwetu hazipoi, na siku hizi kati ya wanaopiga wamo ndugu zetu wa Kiswahili walioko Anchorage, wengi wametokea Kongo wakapitia makambi ya Tanzania, Kenya au Uganda ndo wakafika huku baridini. Swali lao mara nyingi ni moja. Hivi ni kweli Alaska mtu anashuka mtoni na dipneti, ule wavu wa mpini, anajivulia samoni wa kula nyumbani, samaki wenyewe hawanunui? Ni kweli kabisa. Na katiba ya jimbo yenyewe inasema samaki, wanyama na maji ni vya watu wote kwa matumizi ya pamoja, na kwamba vitumike kwa namna ya kudumu, yaani wavuliwe leo na mwakani wawepo. Mimi kazi yangu ni kuelimisha watu kuhusu huo mstari wa pili, maana ule wa kwanza kila mtu anaushika haraka.

Huu uvuvi unaitwa uvuvi wa matumizi ya nyumbani. Sio wa biashara, sio wa ndoano wa kujifurahisha, na kisheria ni tofauti hata na ule uvuvi wa kujikimu. Ni wa wakazi wa Alaska peke yao, na mkazi maana yake umeishi hapa miezi 12 mfululizo na nia yako ni kubaki. Wengi wanadhani mpaka uwe raia wa Marekani, hapana, hata asiye raia akitimiza hiyo miezi 12 ya makazi anahesabika mkazi. Ukiwa na miaka 18 na kuendelea unahitaji leseni ya uvuvi, alafu kaya nzima inachukua kibali kimoja. Mkuu wa kaya anapewa samoni 25 na kila mtu mwingine wa kaya anaongeza 10, kwaiyo baba, mama na watoto watatu ni samaki 65 kwa msimu, na hiyo ni jumla ya mito yote ya Cook Inlet, ile ghuba ya huku kwetu, sio 65 mto Kenai na 65 nyingine Kasilof kama baadhi wanavyodanganyana. Chitina, kwenye mto Copper, kuna kibali chake.

Dipneti yenyewe ni wavu wa mfuko ulioshonewa kwenye fremu ngumu, una mpini mmoja mrefu. Fremu isizidi futi 5 kutoka upande mmoja mpaka wa pili, na jicho la wavu likivutwa lisizidi inchi nne na nusu. Unavaa ile suruali ya mpira inayofika kifuani, unaingia mpaka kiunoni, unasimamisha fremu mbele yako chini ya maji na unatulia. Pale mdomoni mwa mto maji yamevurugika huoni kitu, unasikiliza kwa mikono tu. Ghafla mpini unagonga, dukudu, mkono mzima unasikia, hapo unaulaza wavu haraka ili asitoke na unarudi kinyumenyume mpaka mchangani, na ukiinua yupo pale anameta kama bati jipya, kilo mbili na nusu mpaka tatu, redi halisi, ndo jina wanalomwita wavuvi wa pale. Watoto wanapiga kelele, kila mtu anafurahi, na hapohapo kwenye hiyo furaha ndo kosa kubwa linapofanyika.

Samaki anatupwa kwenye deli la barafu, wavu unarudi majini, anakuja wa pili, wa tatu, wa kumi, na kibali kiko kwenye gari. Mtu anasema nitaandika nikifika nyumbani. Ndugu yangu, sheria inasema samaki aandikwe kwenye kibali kabla hujamficha na kabla hujaondoka eneo la kuvulia, na deli likifungwa huyo samaki keshafichwa. Alafu mkia unakatwa, zile ncha mbili za mkia, ya juu na ya chini, zote mbili, kwa mkasi au kisu. Nilimkuta baba mmoja mtaratibu sana, familia yake safi, samaki 19 kwenye deli na hakuna hata mmoja aliyeandikwa, askari wa wanyamapori wamesimama hapo wanamwandikia faini na yeye anaeleza kwamba hakuiba, na ni kweli hakuiba. Lakini mkia uliokatwa ndo unaomtambulisha samaki wa nyumbani asichanganywe na samaki wa biashara, maana samaki wa dipneti haruhusiwi kuuzwa hata mmoja, wala kubadilishana na kitu kingine. Kumpa jirani kitoweo sawa, kumuuzia mwenye mgahawa hapana. Nawashauri kamba ndogo shingoni, kibali kwenye mfuko wa nailoni unaoziba, kalamu imefungwa humohumo, na mtoto mmoja mwenye akili akabidhiwe mkasi awe bwana mikia, kazi hiyo watoto wanaipenda sana.

Sasa kwa nini nang'ang'ania hivyo kalamu na mkasi. Kwa sababu samoni wa Kenai wanagawanywa na watu mezani kabla hata hawajafika mtoni. Kuna Bodi ya Uvuvi ya Alaska, wajumbe 7, gavana anawateua na bunge la jimbo linawathibitisha, na kila eneo linajadiliwa kama mara moja kwa miaka mitatu. Pale wanakuja wenye boti za nyavu za kuelea, wenye nyavu za kutega ufukweni, waongoza watalii, wavuvi wa ndoano, na sisi wa dipneti. Kila kundi lina namba zake. Mvuvi wa biashara samaki wake wanapimwa kiwandani na karatasi inabaki. Namba za kwetu zinatoka wapi? Zinatoka kwenye vile vibali tu! Usipoandika, au ukaandika uongo, au kibali kikalala kwenye droo ya jikoni, basi siku ya kugawana sisi tunaonekana ama hatupo ama hatuaminiki, na watu wanaotaka dipneti ipunguzwe wanasimama wanasema hawa hata hawajui wamevua wangapi. Sina cha kuwajibu siku hiyo kama ninyi hamjanipa.

Na msione kama wengine ni maadui. Mwaka 2023 wenye nyavu za kutega upande wa mashariki wa Cook Inlet walifungiwa msimu mzima, familia zilizovua ufukwe uleule vizazi na vizazi, na sababu sio redi, redi walikuwepo wengi. Sababu ni kingi, yule samoni mkubwa, anayenasa kwenye nyavu zilezile za redi. Mto Kenai ndo uliotoa kingi mkubwa kuliko wote kuwahi kuvuliwa kwa ndoano, Les Anderson mwaka 1985, ratili 97 na aunsi 4, kama kilo 44 hivi. Leo kingi wa Kenai wamepungua kiasi cha kutia huruma, na sisi wa dipneti miaka ya karibuni haturuhusiwi kumchukua kabisa, akiingia kwenye wavu anarudishwa palepale akiwa mzima. Usimburute mchangani kwanza ili upige picha. Mgeuzie wavu ndani ya maji atoke mwenyewe. Utamjuaje? Fungua mdomo, ufizi wake ni mweusi, na mkia una madoa meusi juu na chini, redi hana madoa makubwa mgongoni wala mkiani. Jifunze hilo kabla ya kuingia majini, maana ndani ya maji na vidole vimekufa ganzi hamna muda wa kuuliza.

Kuna kitu kingine watu wanakipita haraka nacho ni idadi ya samaki wanaoachwa wapite. Maili 19 juu ya mdomo wa Kenai kuna mashine ya sona inayohesabu samoni wanaopanda, na lengo la redi wa mkupuo wa pili, yaani kundi linalopanda baadae, ni kati ya 750,000 na 1,300,000 wafike kutaga. Wakizidi sana Idara ya Samaki na Wanyamapori inaweza kufungua uvuvi saa 24, wakipungua inafunga, hata katikati ya msimu, kwa tangazo la dharura. Kwa kawaida Kenai ni tarehe 10 mpaka 31 mwezi wa saba, saa 12 asubuhi hadi saa 5 usiku, na Kasilof ni tarehe 25 mwezi wa sita mpaka 7 mwezi wa nane, usiku na mchana, lakini angalia tangazo asubuhi ile ile kabla hujawasha gari. Mwaka 2018 samoni wa mto Copper walikuja wachache na Chitina ikafungwa kwa wiki kadhaa, watu wameshaendesha masaa na masaa kutoka Fairbanks. Iliuma, lakini hao wachache wasingepita, ingeuma zaidi baadae wanapotakiwa kurudi watoto wao, maana samoni anataga mara moja tu kisha anakufa, hana nafasi ya pili.

Ufukwe nao. Hili nalisema kwa uchungu. Mji wa Kenai ni mdogo na wiki mbili tatu hizo unapokea umati wa kutisha, na mji umekuwa ukituma trekta kuparaza mchanga kwa sababu ya vichwa na matumbo ya samaki tunayoacha, ndege wanagombania, harufu inaingia majumbani kwa watu wanaoishi pale. Kama unasafishia samaki pale, utumbo na kichwa viende kwenye maji yanayokwenda, vibebwe na mkondo, visiachwe kwenye mchanga mkavu, au bora zaidi ondoka na samaki mzima ukamsafishe nyumbani kwa utaratibu. Usipite kwenye yale majani ya matuta ya mchanga yaliyozungushiwa uzio, mizizi yake ndo inashika ufukwe usiliwe na bahari. Na wenye boti, mto Kenai uliwahi kuingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya maji yaliyochafuliwa na petroli, zile injini za zamani zinazochanganya oili na mafuta zikapigwa marufuku na maji yakasafika. Watu walikubali kubadilisha injini zao, hilo ni jambo la kuheshimu.

Chitina ni habari nyingine, pale sio ufukwe ni magenge ya mawe na mto unakwenda kwa nguvu, maji ya barafu yamejaa tope laini ambalo likiingia kwenye nguo linakuwa zito kama saruji na mtu anavutwa chini hata kama anajua kuogelea ziwa zima. Watu wamekufa pale. Jifunge kamba kwenye mti au jiwe imara, vaa laifujaketi, usivue peke yako. Alafu jua kwamba sehemu kubwa ya ardhi ya kule ni ya Waahtna, wenyeji waliouvua mto huo kabla ya wote, usipande juu ya ardhi yao ukaweka hema na kuacha takataka kama vile hakuna mwenyewe. Vilevile Kenai, Wadena'ina wanauita Kahtnu, wapo mpaka leo na wanavua mpaka leo.

Kuhusu kupaza sauti, watu wananiambia sisi wageni nani atatusikiliza. Bodi inapokea mapendekezo kutoka kwa mtu yeyote, mwisho wa kuyapeleka huwa ni tarehe 10 mwezi wa nne, na kuna kamati za ushauri za wananchi zaidi ya 80 jimbo zima, zinakaa mitaani kwenu, unaingia unakaa kiti cha nyuma hakuna anayekufukuza. Kwenye mkutano wenyewe unapewa dakika chache za kusema. Usiende kulalamika jumla jumla. Sema kaya yangu ni ya watu saba, tulipewa kibali cha 85, tulivua 41, tulikula mpaka mwezi wa tatu, tunaomba hili na hili. Mjumbe anaandika hiyo. Kama Kiingereza kinakusumbua andika barua, hata mistari mitano, kijana anayesoma shule akusaidie, inaingia kwenye kumbukumbu sawasawa na ya mwenye boti kumi. Miaka kadhaa sasa kumekuwa na miswada bungeni ya kutaka uvuvi wa nyumbani upewe kipaumbele mbele ya biashara samaki wakiwa haba, haijapita, na mimi nadhani mmoja wapo wa udhaifu wetu ni kwamba wanaokula samaki hawa ni wengi sana na wanaojitokeza ni walewale wachache.

Basi ukirudi nyumbani, samaki wako kwenye friza, wengine umewabanika, mikono bado inanuka, kitoe kibali kwenye ule mfuko wa nailoni kabla hujalala. Kwa mito ya Cook Inlet ripoti inatakiwa ifike kabla au ifikapo tarehe 15 mwezi wa nane, Chitina ni tarehe 15 mwezi wa kumi, unaweza kuijaza kwa simu yako kwenye mtandao wa Idara. Umepata sifuri, jaza sifuri. Hukwenda kabisa kwa sababu bosi hakukupa ruhusa, jaza kwamba hukwenda. Usipojaza mwaka unaofuata unaweza kunyimwa kibali, na nimeshawaona akina mama wamekuja ofisini mwezi wa sita na watoto wamebeba wavu mpya, na jina lao limefungwa kwa karatasi moja ya mwaka uliopita.