Mfumuko wa Bei Umeshuka, Mbona Maziwa Bado Ghali?

Wengi wakisikia mfumuko wa bei umeshuka, husubiri maziwa yarudi bei ya zamani. Sivyo. Mfumuko ni kasi ya kupanda kwa bei, si bei yenyewe. Maziwa ya shilingi 100 yakipanda kwa asilimia 10 yanafika 110. Mwaka unaofuata kasi ikipungua hadi asilimia 4, yanafika 114.4. Kasi imeshuka, bei imepanda.

Tena kiwango kinachotangazwa ni wastani wa bidhaa na huduma nyingi: kodi ya nyumba, nauli, nguo. Maziwa yana njia yake, maana nyuma yake kuna chakula cha ng'ombe, mafuta ya kusafirishia, umeme wa kupozea na vifungashio. Na familia yenye kipato kidogo hutumia sehemu kubwa zaidi ya pesa zake kwa chakula, jambo alilolionyesha mtakwimu Mjerumani Ernst Engel tangu 1857. Kwa hiyo mzazi anayesema hali ni ngumu kuliko takwimu huenda yuko sahihi kabisa, na inaudhi akiambiwa analalamika bure.

Panga bajeti kwa bei ya leo. Dukani linganisha bei kwa lita, si kwa pakiti, kwa sababu wakati mwingine pakiti hupunguzwa ujazo huku bei ikibaki ileile.