Rimu kubwa haivuki mchanga
Wengi huamini kuwa gari la porini likivishwa rimu kubwa hupita popote. Sivyo. Soma ubavuni mwa tairi: 265/70R17. Hiyo 70 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana wa milimita 265, yaani kama 185. Hiyo 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Weka rimu ya inchi 20 kwenye tairi lenye kimo kilekile cha jumla, ubavu unabaki milimita 147 hivi. Na ubavu ndio wenye kazi! Ukipunguza upepo mchangani, tairi hulala, alama yake ardhini hurefuka, uzito husambaa, gari halizami. Ubavu mfupi hauna pa kulala. Likigonga jiwe, rimu hupinda. Mimi ningechagua rimu ndogo kabisa isiyogusa breki. Ukirudi barabarani, jaza upepo kabla ya kushika kasi.