Mkao wa dresaji (upandaji farasi wa ustadi): legeza goti kwanza, mikono itatulia baadaye

Mpandaji anayerushwarushwa farasi akienda matiti (mwendo wa kudunda, wa kasi kuliko kutembea) huambiwa, "Tuliza mikono!" Agizo hilo halisaidii kitu. Mikono inacheza kwa sababu makalio yanadunda, na makalio yanadunda kwa sababu magoti yamelibana tandiko. Goti likibana, kisigino hupanda na mwili wote husukumwa juu. Farasi naye hukaza mgongo, mdundo ukazidi, na mpandaji akabana zaidi.

Kabla ya mazoezi, kagua vifaa. Simama chini kando ya farasi, weka ncha za vidole kwenye chuma kinachoshika ukanda wa kikuku (kile cha kukanyagia), kisha vuta kikuku kuelekea kwapani. Kikifika hapo, anza na urefu huo. Ukiteremsha mapema ili uonekane mwanadresaji, utakuwa unakitafuta kikuku kwa vidole vya miguu huku umeelemea kinena. Tandiko nalo likiwa na bonde lililokaa nyuma mno, miguu itakimbilia mbele kama umeketi sebuleni, na hapo hakuna zoezi litakalokuponya.

Kazi yenyewe huanza farasi akitembea tu. Wengi hukipita kipindi hiki haraka, na ndicho chenye faida kubwa. Tafuta mifupa miwili ya makalio. Mguu wa nyuma wa kushoto unapoinuka kwenda mbele, mgongo wa farasi hushuka upande huo, na mfupa wako wa kushoto hushuka nao; kisha zamu ya kulia. Taja kwa sauti, "kushoto, kulia," bila kutazama chini, na msaidizi aliye nje akuhakikishie. Ukiona upande mmoja husikii kitu, umeuegemea ule mwingine. Usiisukume nyonga, iache ibebwe. Dakika 10 zinatosha.

Halafu kamba ndefu, ambayo farasi huzungushwa nayo na mtu aliyesimama katikati: duara la mita 20, farasi mtulivu, mshika kamba anayejua kazi. Kule Vienna, kwenye Shule ya Kihispania ya Upandaji, wanafunzi hukaa miezi mingi kwenye kamba bila vikuku wala hatamu, lakini wewe usijitese: dakika 3 kila upande, kisha tembea. Ukivivusha vikuku mbele ya tandiko ili upande bila hivyo, vuta kwanza bizimu za kanda chini kidogo zisikuumize paja, na anza na cha kulia. Kikiwa chini ya cha kushoto, utakishusha cha kushoto upesi ukitaka kupanda tena.

Kwenye mwendo wa matiti, keti midundo 6, kisha inuka na kuketi kwa zamu kabla mwili haujakaza. Ongeza midundo pale tu unapoweza kuhesabu kwa sauti isiyokatika. Sauti ikikatika, umezuia pumzi, na tumbo limeshakuwa gumu. Kiuno kikiuma baadaye, mara nyingi umebinua mgongo: shusha mbavu za mbele, usiinamishe mabega.