Kopo limejaa, ndege ana njaa: dhana potofu za wafugaji wa finchi

Ninaowazungumzia hapa ni zebra finchi, vindege vya Australia vyenye mdomo mwekundu, dume akiwa na mashavu ya rangi ya chungwa. Uzito wake ni gramu 12 hivi. Ni wavumilivu sana, na uvumilivu huo ndio unaowaponza: ndege hukaa miezi akila vibaya bila kuonyesha dalili yoyote, halafu asubuhi moja unamkuta sakafuni amejikunyata, manyoya yamemsimama.

Dhana: Kopo likiwa limejaa, chakula kipo

Finchi hamezi mbegu nzima. Huishika mdomoni, akaigeuza, akaibangua, akala kiini, na ganda akaliacha lidondoke palepale. Baada ya siku mbili kopo limejaa maganda matupu yanayong'aa kama mbegu zenyewe, na mwenye ndege akipita anaridhika. Mwili wa gramu 12 hauna akiba. Siku moja ya njaa ni hatari, ya pili huenda asiione. Nimeona banda ambalo ndege walikufa kopo likiwa limejaa hadi ukingoni, na mwenyewe aliwapenda kwa dhati. Kwa hiyo kila asubuhi chovya kidole ndani ya kopo, kisha puliza. Yanayopeperuka ni makapi, zinazobaki ndizo mbegu.

Dhana: Ndege wa mbegu atosheke na mbegu kavu

Uwele na ulezi ni msingi mzuri, lakini ni msingi tu. Mbegu kavu zina kalisi kidogo, vitamini A kidogo, na protini yake haitoshi kumkuza kinda. Huko kwao finchi huzaliana baada ya mvua, nyasi zinapotoa mbegu, na makinda hulishwa zaidi mbegu ambazo bado ni mbichi, zile ukizibonyeza zinatoa maziwa. Hapo ndipo bustani ya banda, yaani mimea unayowaoteshea ndege, inapoanza kuwa chakula, si pambo.

Huhitaji shamba. Otesha uwele kwenye madebe matatu nje ya banda, kwa kupishana wiki mbili mbili. Masuke yakishaanza kujaa maziwa, ingiza debe moja ndani. Utaona wanavyojining'iniza mpaka shina linainama, na jinsi wanavyoliacha kopo. Likichakaa, litoe, ingiza la pili. Mchicha uliouachia kutoa mbegu nao hupendwa sana, shada zima likifungwa kwenye wavu. Angalizo moja: usiwape mbegu za kupandia zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya waridi au kijani. Ni sumu.

Wakiwa na makinda, ongeza yai lililochemshwa likapondwa, na usiliache bandani zaidi ya saa chache kwenye joto.

Dhana: Wape kokoto kama kuku

Kuku na njiwa humeza nafaka nzima, ndiyo maana wanahitaji vijiwe vya kusagia tumboni. Finchi amekwisha kubangua mdomoni. Anachokosa ni kalisi, hasa jike anayetaga, kwani bila hiyo yai laweza kumkwama na kumuua. Waliopo pwani wana bahati: mfupa wa dome, yule wa jamii ya ngisi, huokotwa ufukweni bure. Uloweke siku kadhaa ukibadilisha maji ili chumvi itoke, uanike juani, kisha uutundike. Wa bara wakaange maganda ya mayai bila mafuta na kuyasaga.

Dhana: Anachokula mtu hakimdhuru ndege

Parachichi huua ndege. Maziwa hawayameng'enyi. Nafaka zilizoota ukungu ni mbaya zaidi: mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa chakula chenye mashudu ya karanga, na uchunguzi wa vifo hivyo ndio uliofichua sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mbegu ikinuka uvundo, itupe, hata kama umeinunua jana.

Dhana: Mti wowote wa kivuli unafaa

Oleanda, mnyonyo na mbono visiingie bandani, ni mimea yenye sumu. Napendelea mndimu au mlimao. Una miiba, majani mazito, na ndege anayefukuzwa na mwenzake hupata pa kujificha, jambo ambalo wengi hawalifikirii wanapopanga banda. Ila usipande kila mahali. Mimea iwe upande mmoja, kwingine kubaki wazi kwa kuruka. Na ukishapanda, sahau dawa ya wadudu. Acha finchi wenyewe wadonoe vidukari.

Dhana: Wakitotoa mfululizo, ndiyo wanastawi

Finchi akipata yai, masuke mabichi na kiota kila siku, mwili wake unaelewa kwamba mvua haijakatika. Hutaga mayai manne hadi sita, huyaatamia takriban wiki mbili, na wiki tatu tu baada ya makinda kuanguliwa huanza tena. Jike hukonda, manyoya ya kichwa yakapungua, mayai yakawa na ganda laini. Baada ya mizao miwili au mitatu mimi huondoa viota vyote, huacha kutoa yai, na madebe ya uwele huyabakiza nje kwa miezi kadhaa. Wanabaki na mbegu kavu, majani kidogo na mfupa wa dome. Wiki za kwanza dume huzunguka na unyasi mdomoni akitafuta pa kujenga, kisha hutulia.