Udongo hauchuji kila kitu

Wakulima wengi huamini kwamba maji yakizidi shambani hakuna kinachoharibika: yatazama ardhini, udongo utayachuja, yatafika kisimani yakiwa safi. Si kweli. Udongo huzuia matope na vijidudu vingi, lakini naitreti ya mbolea, yaani chumvi yenye naitrojeni inayolisha mimea, huyeyuka majini wala haishikwi na chembe za udongo. Maji yakishuka, nayo inashuka.

Yachote maji hayo ya kisimani kwenye glasi uyatazame: ni maangavu, hayana rangi wala harufu. Ndiyo maana nayaogopa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita. Mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji yaliyovuka kiwango hicho anaweza kupungukiwa na oksijeni mwilini, midomo ikageuka bluu. Na tafadhali, msiyachemshe mkidhani mmeyatibu: mvuke huondoka, naitreti hubaki, tena imekolea zaidi.

Maji yale yanayotiririka juu ya ardhi hubeba fosforasi, kirutubisho kingine cha mbolea, hadi bwawani. Mwani hustawi, hufa, na kuoza kwake humaliza oksijeni. Samaki huelea wamekufa. Kwenye mifereji yenye maji yaliyotuama, konokono wa kichocho na mbu hupata makao.

Kwa hiyo kabla ya kufungulia maji, chimba hadi kwenye mizizi, ufinyange udongo kiganjani. Ikiwa si wa kichanga na umeshikamana kuwa donge, unyevu bado upo, subiri. Mbolea nayo igawe kidogo kidogo, usiiweke mvua kubwa ikiwa inakaribia.