Kisima cha ubatizo kilichoachwa nje, Elton

Mwaka 1812 kanisa la kijiji cha Elton, Derbyshire, Uingereza, lilijengwa upya. Kuta mpya ziliposimama, kisima cha ubatizo cha zamani hakikurudishwa ndani. Kiliachwa uani kinyeshewe mvua, nacho wakati huo kilikuwa na umri wa miaka kama mia sita.

Msomaji asifikirie beseni dogo la juu ya meza. Visima vya enzi hizo ni bakuli zito la jiwe, lenye kina cha kumzamisha mtoto mchanga, na kwa kawaida lilikaa karibu na mlango, kwa kuwa kwa ubatizo ndiko mtu huingia kanisani. Cha Elton kina jambo la ziada: ubavuni kimetokeza kikombe kidogo cha jiwe, kimeshikwa kinywani na salamanda, mnyama wa jamii ya chura mwenye umbo la mjusi, aliyechongwa kichwa chini miguu juu. Nimeona visima vingi vyenye majani, mashujaa na mitume. Mnyama aliyepewa kazi ya kushika kikombe ni nadra mno.

Kisima cha kale kikipotea, lawama huwaangukia Wapuritani, wale Waprotestanti wakali wa Uingereza waliopinga mapambo na desturi za kale kanisani. Wana sehemu yao kweli: mwaka 1644 Bunge lilipiga marufuku visima hivyo, na baada ya ufalme kurudishwa mwaka 1660 makanisa kadhaa yalilazimika kuchonga vipya. Lakini mwaka 1812 hapakuwa na Mpuritani mwenye nyundo pale Elton. Mimi naona sababu ilikuwa ya kawaida zaidi. Kufikia wakati huo watoto wa Kianglikana walikuwa wakimwagiwa maji kidogo tu kichwani, na bakuli dogo lilitosha. Jiwe kubwa la kizamani likaonekana mzigo, tena baya, ndani ya jengo jipya linalonukia chokaa.

Mawe ya namna hii yakishatoka kanisani hupata kazi nyingine. Yapo yaliyogeuzwa hori la kunyweshea ng'ombe, na yapo yaliyooteshewa maua. Ukiwa Uingereza ukakutana na chungu cha jiwe kinachokutia shaka, usikimbilie tundu la katikati. Tundu lilikuwepo ndiyo, maji yaliyobarikiwa yashuke ardhini yasikanyagwe, lakini hata mtunza bustani hutoboa. Pitisha kidole kwenye ukingo wa juu.

Zamani maji hayakubarikiwa kila siku. Yalibarikiwa hasa Pasaka na Pentekoste, yakakaa humo majuma kadhaa, na watu waliyaiba kwa uganga. Ndiyo maana mwaka 1236 Edmund, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza visima vifunikwe na kufungwa kwa kufuli. Mafundi walitoboa ukingo pande mbili zinazotazamana, wakachomeka vyuma vya kufungia kifuniko, wakavishikiza kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Vyuma vilipokuja kung'olewa, jiwe lilimeguka navyo. Kwa hiyo tafuta mapengo mawili yanayotazamana, au viraka vya jiwe la rangi tofauti, au doa la kutu lenye risasi ya kijivu kando yake. Ndani ya bakuli pia panaweza kuwa na mabaki ya bati la risasi, kwani jiwe lenye vinyweleo lingefyonza maji yote.

Nakuomba tu usichukue brashi ya waya wala dawa ya kung'arishia. Visima vingi vilipakwa rangi, kisha chokaa juu yake, na ule utando mweupe unaokukera pengine ndio ushahidi wenyewe. Piga picha, acha jiwe lilipo, mwite mtaalamu.

Cha Elton kiliponea kwa jirani. Elton ilikuwa chini ya parokia ya Youlgreave, kilomita chache tu, na kasisi wa huko alikichukua akakiweka kwenye bustani yake. Mwaka 1838 kiliingizwa katika kanisa la Youlgreave, wakati Waingereza walipokuwa wameanza tena kuvipenda vitu vya Zama za Kati. Watu wa Elton nao wakakitamani, lakini hawakurudishiwa. Walichopata ni nakala, iliyochongwa na salamanda wake na kikombe chake.